Saa Moja na Dakika Kumi na Tatu

Fundi mwanamke watu walimwita Chapchap, mwenzake wakamwita Taratibu, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Mteja akileta redio iliyonyamaza, Chapchap alikuwa ameshaifungua kabla mwenyewe hajamaliza kueleza ilinyamaza lini. Taratibu yeye aliivuta kwake, akaifuta vumbi, akaigeuza, akauliza huwa inakaa wapi nyumbani, nani huiwasha, iliwahi kuanguka au haikuwahi, mpaka mteja akaanza kutazama saa. Kwa miaka kumi na moja walikaa kwenye meza mbili zinazotazamana, katika chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la vitambaa, wakitaniana na kugombana kama ndugu wa tumbo moja. Kisha asubuhi moja Taratibu aliinama sebuleni kwao kufunga viatu, moyo ukasimama, na hakuinuka tena.

Sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu siku hiyo. Meza yake ilikuwa palepale. Chapchap hakuwa ameondoa hata bisibisi moja, na mteja akitaka kuweka mzigo wake juu yake aliambiwa aushike tu, meza hiyo ina mwenyewe.

Jumamosi moja, kwenye saa nne asubuhi, dada yake Taratibu aliingia dukani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache yaliyopangika, lakini siku hiyo alianza sentensi tatu akaziacha njiani. Mwishowe alisema kuna kitu nyumbani kwa mama kinamkosesha raha, na kwamba asingependa achekwe.

Chapchap alikijua kitu chenyewe. Mama yao alipopoteza macho, Taratibu alimtengenezea kisanduku cha mbao. Ndani yake aliweka kompyuta ndogo, ile ambayo yote ni bodi moja isiyozidi kiganja, haina kioo wala kibodi, pamoja na spika aliyoichomoa kwenye redio mbovu na kitufe kimoja kikubwa. Mama akibonyeza kitufe, kisanduku kilimtajia saa. Saa mbili asubuhi na saa mbili jioni kilimkumbusha vidonge vyake vya presha. Na sauti yote ilikuwa ya Taratibu mwenyewe, aliyeketi kwa wiki nzima akirekodi kila saa na kila dakika. Kwa kuwa kompyuta ile huchukua karibu dakika nzima kuamka ikipewa umeme, aliifundisha kujitangaza ikishakuwa tayari. Ilisema, "Mama, nimefika," kisha ikataja saa.

Mwalimu alieleza kwamba mdogo wake alipofariki, kisanduku kiliendelea na kazi yake kama vile hakuna lililotokea. Kuisikia ile sauti kulimuumiza mwanzoni, akajikaza, akazoea. Mwezi wa tano baada ya msiba akahamia kwa mama moja kwa moja ili mama asiishi peke yake, na wiki hiyohiyo mambo yakageuka. Kisanduku kikaanza kusema chenyewe. Hakuna aliyekibonyeza, hakuna aliyekigusa. Wako mezani wanakula, sauti inatoka chumbani kwa mama: "Mama, nimefika. Sasa ni saa moja na dakika kumi na tatu asubuhi." Nje inaweza kuwa saa sita mchana, inaweza kuwa saa kumi jioni. Kwa kisanduku ni saa moja na dakika kumi na tatu asubuhi, siku zote, mara kumi au kumi na tano kwa siku.

"Unajua mdogo wangu alifariki saa ngapi?" mwalimu akauliza.

Chapchap alisema aliambiwa tu kuwa ni asubuhi.

"Jirani alinipigia simu saa moja na nusu. Alikuwa ameshakata roho. Kwa hiyo hiyo saa inayotajwa, fundi, alikuwa hai. Alikuwa ndani ya nyumba, anajiandaa kuja huku kwako."

Chapchap alikuwa na koleo mkononi. Akaliweka mezani polepole, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mwalimu aliendelea kusema kwamba sauti si kitu, sauti angeivumilia. Kibaya ni kuwa mama anaijibu. Huitika karibu mwanangu, kisha akapiga nayo soga peke yake, amekaa kitandani, uso umeelekea mlangoni. Na juzi kisanduku kilikaa muda mrefu bila kujitangaza upya, saa yake ikatembea mpaka ikafika mbili, kikamwambia mama ameze vidonge vya asubuhi. Ilikuwa alasiri. Mwalimu alipoingia alimkuta mama ana kidonge kiganjani.

"Nakuomba ukizime," alisema. "Usimwambie mama kuwa ni mimi. Sema kimekufa chenyewe. Mimi hataniamini, wewe atakuamini."

Chapchap alisema atakuja kukiangalia. Mwalimu alipotoka, alibaki ameitazama ile meza ya pili kwa muda. Hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Ila katika kazi yote aliyofanya hakuwahi kukutana na mashine inayochagua dakika ya kifo cha mtu.

Alasiri alifunga duka akaenda. Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, na alipokuwa akipanda ngazi alikumbuka kwamba hakuwa amezipanda tangu siku ya mazishi. Kila mwezi alijiambia atakwenda kumsalimia mama, na kila mwezi akatafuta redio ya kumzuia.

Mlango ulikuwa wazi. Sauti ya mama ilimpokea kabla hajabisha.

"Huyo ni Chapchap. Hakuna mwingine anayepanda ngazi zangu kama anafukuzwa na mbwa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Miezi minane."

Chapchap alianza kusema habari za kazi nyingi, mama akamkata kwa mkono, akampapasia nafasi kitandani kwake akae. Alikuwa mwanamke aliyekula chumvi nyingi, mwembamba, mgongo umenyooka kama mkuu wa shule. Walisalimiana sana. Mama hakumlaumu, na kutolaumiwa kulimchoma kuliko lawama.

Kisanduku kilikuwa kwenye rafu karibu na mto. Kwenye tundu la upande mmoja ilionekana taa nyekundu ya bodi, ndogo kama kichwa cha pini, dalili kwamba umeme unaingia. Waya mweupe ulitoka nyuma yake, ukafuata ukuta, ukapita chini ya mlango hadi ukumbini, ukaishia kwenye ekstensheni kuukuu. Kwenye ekstensheni hiyohiyo kulikuwa na plagi ya friji. Chapchap aliliona lile friji akapita. Hakugusa kitu. Safari hii alitaka kufanya kama Taratibu alivyomsihi kwa miaka kumi na moja: akae kwanza, auangalie ubovu ukitokea.

Walikaa watatu. Mwalimu alisimama mlangoni amefunga mikono kifuani. Mama aliongea habari za majirani. Ikapita robo saa.

Kisha ukumbini friji likaguna na kutetemeka, kama linavyofanya likianza kupoza. Balbu ya chumbani ikafifia mara moja ikarudi. Ndani ya tundu la kisanduku, taa nyekundu ikazimika, ikawaka tena. Kando yake taa ya kijani ikaanza kupepesa haraka haraka, bila mpangilio, kama mtu anayepekua makaratasi. Chapchap alijua maana yake: bodi imezimika, imeamka, inajisoma upya kutoka kwenye kadi yake ya kumbukumbu. Alijua kila hatua ya kitu kile. Alijua hata lililobaki ni nini. Lakini ilipofika, alishika ukingo wa kitanda.

"Mama, nimefika."

Ilikuwa yeye. Si sauti ya kwenye simu, si ya kwenye kumbukumbu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeingia mlangoni amebeba kitu, hana haraka, anatabasamu kidogo. "Sasa ni saa moja na dakika kumi na tatu asubuhi."

"Karibu, mwanangu," mama akasema. "Leo tuna mgeni."

Mwalimu aligeuka akaenda jikoni. Chapchap alibaki amekodoa macho kwenye lile tundu, machozi yanamtoka bila sauti, na alishukuru kwamba mama haoni. Mama alimkabidhi kitambaa.

Alipoweza kusimama alitoa mita kwenye mkoba akafuata waya hadi ukumbini. Huko, kwenye ekstensheni, aliikuta adapta inayolisha kisanduku. Ilikuwa nyeusi, nyepesi kama ganda tupu la karanga, na ubavuni ilikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha.

Rangi hiyo ilikuwa yake. Ndivyo alivyokuwa akiwekea alama vitu vya kwenye boksi la mabaki, vile visivyofaa kuuzwa wala kutupwa. Akakumbuka. Taratibu alikuwa amemwomba adapta nzuri, yenye nguvu, kwa ajili ya kazi ya mama, na yeye alikuwa na wateja watano mlangoni. Alitia mkono kwenye boksi akamrushia hiyo bila hata kugeuza kichwa.

Alipima. Friji likiwa limelala, adapta ilitoa karibu volti tano, ingawa pungufu kidogo, na bodi iliweza kuishi kwa hiyo. Akafungua mlango wa friji akangoja. Lilipoguna, sindano ya mita ilianguka hadi volti nne na kidogo, ikayumba, ikapanda. Kuanguka huko kwa kufumba na kufumbua kulitosha. Bodi zile hazina subira na njaa. Zikinyimwa umeme hata kidogo tu zinapoteza fahamu, kisha zinaamka zikidhani ni mwanzo. Na ule waya mrefu mwembamba ulikuwa ukiongeza njaa juu ya njaa.

Alirudi chumbani akawaeleza wote wawili, kwa maneno mepesi. Friji likianza kazi linavuta umeme mwingi kwa ghafla. Adapta ni dhaifu, inashindwa, kisanduku kinazimika na kujiwasha upya. Kikijiwasha kinasema nimefika. Hakuna zaidi ya hapo. Kabla ya mwalimu kuhamia na friji lake, hakukuwa na cha kukizimisha. Adapta mbovu, akasema na kumeza mate, alitoa yeye.

Mwalimu aliketi kwenye kiti kama mtu aliyekatwa kamba. Alicheka kidogo, akajifunika uso, akasema miezi mitatu amekuwa akilala taa ikiwaka kwa ajili ya friji alilolinunua mwenyewe.

Mama hakucheka wala kushangaa.

"Mimi macho ndiyo yaliyokufa, masikio yako salama," alisema. "Kwanza lile friji linaguna. Halafu kimya. Halafu mwanangu anafika. Mlidhani sijui?"

Mwalimu aliinua uso. Akauliza taratibu sana ikiwa mlango wa friji, ule ambao kila siku anaukuta umeachwa wazi kidogo, ule uliomharibia maziwa na nyama mpaka akamgombeza fundi wa friji asiye na hatia, ulikuwa unaachwa wazi na nani.

"Likipata joto linaguna mapema," mama akajibu.

Chapchap alimwona mwanamke yule katika akili yake, akipapasa ukuta wa ukumbi mchana wakati binti yake yuko shuleni, anafungua friji kwa kidole kimoja, anarudi kitandani, anakaa wima, anangoja. Mara kumi kwa siku. Mara kumi na tano.

"Na vidonge, mama?" mwalimu akauliza.

"Nilikishika tu. Sikukimeza. Aliniambia nimeze, nikashika ili asiseme simsikii." Kisha akamgeukia Chapchap mahali alipomsikia. "Haya, fundi. Wewe umekuja kutengeneza au kuvunja?"

Chapchap hakumtazama mwalimu. Alisema amekuja kutengeneza.

Alikuwa amebeba adapta mpya, nzito, na waya mnene mfupi. Alihamisha kisanduku karibu na soketi ya ukutani, mbali na friji, akachomeka. Taa nyekundu ikawaka, imetulia, haitetemeki hata friji lilipoguna. Alipima: volti tano kamili na ziada kidogo. Ilikuwa kazi safi. Wakangoja ile dakika.

Taa ya kijani ilipepesa mara mbili ikazimika. Dakika ikapita. Ikapita ya pili. Chapchap akachomoa, akachomeka tena. Nyekundu ikawaka, kijani ikakaa giza.

"Mbona hafiki?" mama akauliza.

Chapchap alijaribu mara ya tatu. Alijua kilichotokea. Bodi iliyokatwa umeme mara elfu na zaidi ikiwa katikati ya kusoma na kuandika, hatimaye huiharibu kadi yake. Ilikuwa ikichechemea kwa muda mrefu, na leo, siku iliyopewa umeme mzuri, ilikuwa imefika mwisho. Alieleza hivyo. Akasema ataondoka na bodi na kadi yake, ataona anaweza kuokoa nini.

Mama alinyoosha mkono akaigusa mbao ya kisanduku, akauacha mkono hapo.

"Siku ile pia nilikaa hivi nikimngoja," alisema. "Alinitajia saa toka mlangoni kama kawaida yake, sikumjibu. Nilikuwa na usingizi. Nikamsikia anakaa kwenye kiti, anavuta kiatu. Halafu kimya. Nikasema ngoja amalize, huyu ndivyo alivyo, kiatu kimoja robo saa. Nikangoja, mwanangu. Nilimngoja nikiwa hapahapa."

Mwalimu alimsindikiza Chapchap hadi chini. Kwenye ngazi ya mwisho alisema, bila kumtazama, kwamba sasa haina haja ya kudanganya. Kimekufa chenyewe kweli. Mtu anaweza tu kukiacha kilivyo. Chapchap aliitia kadi mfukoni, kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na njia nzima hakuutoa mkono mfukoni.

Jumapili asubuhi alifungua duka akajifungia ndani. Alifuta miguu ya kadi kwa kifutio cha penseli, akaiingiza kwenye laptopu. Haikusomeka. Akaifuta tena. Mara ya nne laptopu iliitambua, shingo upande. Hapo angeweza kuanza kubonyeza hiki na kile kama kawaida yake, lakini alifanya jambo ambalo Taratibu alimhubiria mpaka akachoka: alinakili kadi nzima kwanza, kila kilichomo, kizima na kibovu, kabla ya kugusa chochote. Kazi hiyo ilichukua saa mbili na nusu. Alikaa ameitazama namba ikipanda. Hakuwasha hata redio.

Ilipokwisha alianza kuitengeneza ile nakala. Mafaili ya kuamshia kompyuta yalikuwa yamevurugika, ila hayo alikuwa na mengine mazima ya kuweka badala yake. Sauti karibu zote zilikuwa salama. Na katika maandishi ya Taratibu, yale ya kuiamuru mashine, alikuta jibu la ile saa.

Kompyuta ile haina saa yake mwenyewe; ikikatiwa umeme haijui imelala kwa muda gani. Taratibu alikuwa ameiagiza iulize saa kwenye simu yake mara moja kila asubuhi, na kila ikipata jibu iliandike kwenye kadi, ili ikizimika ianze kuhesabu kutoka hapo. Jibu la mwisho lilikuwa limeandikwa asubuhi ile, saa moja na dakika kumi na mbili. Baada ya hapo simu ilizimwa, waliokuja kuzika wakaiweka kabatini. Kwa miezi mitano mashine haikuzimika, ikahesabu vyema peke yake. Lakini tangu friji lije, kila ilipoamka ilirudi kwenye jibu la mwisho ililopewa na mwenyewe. Hapakuwa na muujiza. Ndani ya kisanduku kile ilikuwa asubuhi ile, mara kumi na tano kwa siku, na Taratibu alikuwa hajainama bado.

Kulikuwa na folda nyingine chini. Taratibu aliiita "Zilizoharibika". Chapchap alifungua ya kwanza. Ilikuwa Taratibu akisema saa tano na dakika arobaini, anapaliwa, anacheka. Ya pili lori lilipita. Katika ya saba alikuwa anaanza, "Sasa ni saa...", na nyuma yake sauti ya mwanamke ikadakia, kali, ya karibu sana, hata Chapchap akageuka kuangalia mlango.

"Wewe, wateja wanangoja! Zima hicho kitu!"

"Nipe adapta nzuri niende nikamalizie nyumbani."

"Chukua hiyo. Volti tano ni volti tano. Chukua uondoke mbele yangu."

Kikasikika kitu kikidakwa. Kisha, karibu na maikrofoni, kwa sauti ya chini ya mtu anayesengenya: "Huyo ni Chapchap, mama. Usimjali. Anakimbia sana, ila ukimwangalia, anakimbia kwa ajili ya watu."

Alisikiliza mara moja tu. Alilaza kichwa mezani, juu ya vumbi la solda na vipande vya waya, akakaa hivyo mpaka kinyozi wa jirani alipogonga ukuta kuuliza kama yuko salama, maana hakuwa amesikia kelele zake tangu asubuhi.

Mchana aliandaa kadi mpya. Alichukua pia kipande kidogo cha saa chenye betri ya kidonge, akakiunganisha kwa solda kwenye miguu ya bodi aliyokuja nayo, ili mashine isitegemee tena simu ya mtu yeyote. Jumatatu jioni, mwalimu alipotoka shuleni, alirudi kule nyumbani.

Safari hii alimwambia mwalimu ukweli wote ukumbini: kwamba imepona, na kwamba yeye hakuweza kuiacha. Akampa vipokea sauti vya masikioni akamsikilizisha zile zilizoharibika, moja baada ya nyingine. Mwalimu alisikiliza akiwa amesimama kati ya friji na ukuta. Ile ya kupaliwa ilipofika alicheka, akaendelea kucheka, kisha akalia kwa sauti kama mtoto, kilio ambacho kwa miezi minane alikuwa amekiahirisha ili awe na nguvu za kumshika mama. Mama aliuliza kutoka chumbani kuna nini. Mwalimu akaingia akampigia magoti, akalaza kichwa mapajani mwake, na Chapchap akasubiri nje.

Baadaye alimweleza mama habari ya saa. Alisema mashine iko tayari, lakini bado inaamini ni asubuhi ile. Akibonyeza tu, ataipa tarehe ya leo na saa ya leo, na kutoka hapo haitarudi nyuma tena. Vidonge vitakuwa salama. Ila ile dakika haitasikika tena ikija yenyewe.

"Iwashe kwanza ilivyo," mama akasema. "Mara moja."

Chapchap alichomeka. Nyekundu. Kijani ikapepesa, ikapekua, ikapekua. Mwalimu alikaa karibu na mama, safari hii hakwenda jikoni.

"Mama, nimefika. Sasa ni saa moja na dakika kumi na tatu asubuhi."

"Nimeamka, mwanangu," mama akasema. "Sina usingizi. Njoo ukae huku kwangu, viatu utavaa baadaye."

Kisanduku hakikujibu, hakikufundishwa kujibu. Dakika ilipita, na nyingine. Mama alikuwa amegeuza uso kuelekea sebuleni, kwenye kile kiti, akisikiliza kwa makini kiasi kwamba Chapchap na mwalimu nao walijikuta wakisikiliza. Kisha akashusha pumzi.

"Ipe saa yake," alisema.

Chapchap alikuwa ameunganisha laptopu. Aliandika mwaka, mwezi, siku. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Alikuwa akijua kwamba ni namba tu, na bado aliona kama anamvusha mtu mahali ambapo hatarudi. Akabonyeza. Kisha mama naye akabonyeza kitufe chake kikubwa, na sauti ileile, bila haraka, ikawaambia ni saa kumi na moja na dakika arobaini na sita jioni.

Kisanduku hakijazimika tangu siku hiyo. Mama hukiuliza saa mara nne au tano kwa siku, na maziwa hayaharibiki. Kila Alhamisi Chapchap hupanda zile ngazi, na mwalimu huwa ameshaweka chai. Wanasikiliza moja ya zile zilizoharibika, moja tu, kwa sababu ziko arobaini na tatu na mama hataki ziishe.

Dukani kazi inaendelea. Watu wanasema Chapchap amepunguza mwendo. Wengine wanadhani ni umri. Anapoletewa bodi iliyokufa, anaisafisha, anaitafutia umeme mzuri, anaichomeka, kisha anaondoa mikono na kungoja taa ya kijani. Katika zile sekunde mteja akimsemesha hamjibu. Anashika pumzi, amegeuza sikio kidogo, na hata bodi ikiamka vizuri, uso wake huchukua muda kuonyesha kwamba amefurahi.